Mpini Usio na Muhuri: Pembe za Ndovu za Afrika Mashariki katika Visu vya Mezani vya Sheffield, Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Kisu cha mezani cha kifahari kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19 ni kitu kinachojieleza chenyewe kwa maandishi. Kwenye bapa hupigwa jina la kiwanda pamoja na alama yake ya biashara. Kwenye pete ya fedha inayounganisha bapa na mpini huwapo mihuri midogo ambayo mtafiti huisoma kwa kioo cha kukuzia: simba anayetembea, maana yake fedha hiyo ni ya kiwango kilichowekwa na sheria, yaani sehemu 925 kati ya 1000, taji, maana yake ilipimwa Sheffield, herufi ya mwaka, herufi za jina la fundi, na, kwa kazi za kati ya mwaka 1784 na 1890, kichwa cha mtawala, ushahidi kwamba kodi ililipwa. Baada ya hapo jicho hufika kwenye mpini. Mpini ni wa pembe ya ndovu, mweupe, uliosuguliwa ukang'aa. Hauna muhuri wowote.

Makala hii inachunguza ukimya huo. Inahoji kwa nini sehemu iliyosafirishwa kutoka mbali zaidi ndiyo iliyokosa maandishi, na mwanahistoria wa Afrika Mashariki afanye nini mbele ya chombo cha namna hiyo. Swali hili lina uzito wake. Katika makumbusho na minada ya Ulaya, visu, uma na vijiko vya aina hii huorodheshwa kwa jina la kiwanda, mji na mwaka, na neno "pembe" huandikwa mwishoni kana kwamba ni rangi tu. Kwa upande wa pili, wasomaji wanaotaka kuijaza nafasi hiyo hukimbilia picha moja iliyozoeleka ya mtumwa aliyefungwa minyororo akibeba pembe begani. Tutaonesha kwamba picha hiyo nayo inahitaji kuhojiwa, kwa kuwa inaficha baadhi ya mambo ambayo vyanzo vinayasema waziwazi.

Ni vema kuweka mpaka wa dai letu tangu mwanzo. Soko la pembe la London lilipokea pembe za Afrika Magharibi, za Misri, za Afrika Kusini na za Asia pamoja na zile za Zanzibar. Kwa hiyo haiwezekani kushika kisu kimoja mkononi na kusema kwa kukitazama tu kwamba mpini wake ulitoka Unyamwezi au Umanyema. Tunachoweza kukisema kwa hakika ni kwamba katika sehemu kubwa ya karne ya 19 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za pembe duniani, na kwamba wafua visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa bidhaa hiyo.

2.0 Vijiko vilivyofika vikiwa vimechongwa

Kabla ya kufika Sheffield yatupasa kupita Afrika Magharibi, kwa sababu huko kuna mfano unaopingana na ule wa Afrika Mashariki, nao unasaidia kuona tatizo.

Mwishoni mwa karne ya 15 na katika karne ya 16, mabaharia Wareno walinunua kutoka kwa wachongaji wa pwani ya Sierra Leone na wa ufalme wa Benin vitu vya pembe vilivyochongwa kwa ajili ya meza za Ulaya: vyombo vya chumvi, uma na vijiko. Vijiko vya Benin vina kinywa chembamba kama jani, na mpini wake umechongwa ndege, nyoka, mamba au mnyama anayemshika mwenzake. Hesabu za forodha ya Lisbon za mwaka 1504 na 1505 zinataja vijiko na vyombo vya chumvi vya pembe miongoni mwa mizigo iliyotozwa ushuru. Mwingereza James Welsh, aliyefika Benin mwaka 1588, alivitaja vijiko hivyo na kuusifu uchongaji wa ndege na wanyama uliovipamba. Familia ya Medici ya Florence ilikuwa na baadhi yake katika hazina yake.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa. Vijiko hivi navyo vilipoteza asili yao. Msanii Albrecht Dürer, alipokuwa safarini Uholanzi mwaka 1521, aliandika katika daftari lake kwamba amenunua vyombo viwili vya chumvi vya pembe kutoka Calicut, yaani India. Baadhi ya wataalamu wa leo wanadhani huenda vilikuwa vya Afrika. Walioandika orodha za hazina za Ulaya mara nyingi waliziita kazi za namna hii za Kituruki au za Kihindi. Ni mwaka 1959 ndipo mtaalamu William Fagg wa Makumbusho ya Uingereza alipozikusanya chini ya jina la pembe za Kiafrika na Kireno. Alifanikiwa kwa sababu mkono wa mchongaji ulikuwa umebaki ndani ya kitu chenyewe. Macho ya sanamu za Kisapi, mstari wa mgongo wa mamba wa Benin, jinsi nyoka alivyozungushwa kwenye mpini: hayo yote ni ushahidi usiohitaji muhuri.

Mpini wa Sheffield haukupewa nafasi hiyo. Pembe iliondoka Afrika Mashariki ikiwa ghafi, ikakatwa na msumeno wa mgeni, ikasuguliwa hadi alama yoyote ya awali ikatoweka. Si kwamba pwani yetu haikujua kuchonga pembe. Siwa ya Pate, ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, ni ya pembe ya ndovu, nayo ni ya kazi ya hali ya juu. Viti vya enzi vya watu wakubwa wa pwani vilipambwa kwa vipande vya pembe. Lakini siwa ilikuwa ya mamlaka na sherehe, na kiti cha enzi kilikuwa cha heshima ya nyumba. Mezani, au tuseme mkekani, Mswahili alikula kwa mkono wake wa kulia. Upawa ulikuwa wa kifuu na mwiko wa mti. Wafanyabiashara wa kigeni nao hawakuja Zanzibar kutafuta vijiko vilivyochongwa kama Wareno walivyofanya Benin. Walikuja kutafuta uzito.

3.0 Sheffield na sanaa ya mpini

Sheffield ilikuwa mji wa visu kwa karne nyingi. Chama cha Wafua Visu wa Hallamshire kilipewa hadhi ya kisheria mwaka 1624, na kazi yake mojawapo ilikuwa kusajili alama za mafundi ili mmoja asiibe ya mwingine. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alibuni njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, na katika miaka hiyo hiyo Thomas Boulsover aligundua namna ya kuunganisha bamba la fedha na bamba la shaba ili yafuliwe pamoja kama madini mamoja. Ofisi ya kupima fedha ilifunguliwa mjini humo mwaka 1773. Hivyo, kufikia mwisho wa karne ya 18 mji mmoja ulikuwa na chuma bora, fedha halali na fedha ya bei nafuu ya kufunika. Kilichobaki kiagizwe kutoka nje kilikuwa mpini.

Mafundi walitumia pembe za kulungu, pembe za ng'ombe, mifupa, mbao ngumu, gamba la kobe, gamba la chaza na pembe za ndovu. Kila moja ilikuwa na daraja lake. Gamba la chaza lilipendwa kwa visu vidogo vya matunda, ambavyo bapa lake lilikuwa la fedha kwa sababu ya kemia ya kawaida kabisa: chuma cha zamani kilipogusa tunda chachu au siki kilibadilika rangi na kuacha ladha mbaya mdomoni. Sababu hiyo hiyo ilizaa seti za fedha za kulia samaki. Watu husema kwamba fedha mezani ilikuwa majivuno, na ni kweli, lakini majivuno hayo yalianza na ndimu. Chuma kisichoshika kutu hakikuwapo hadi Harry Brearley alipofanya majaribio yake mjini humo mwaka 1913.

Kwa kisu cha chakula kikuu, pembe ya ndovu ndiyo iliyotawala. Ina nyuzi za kuvukana zinazoonekana kama mistari hafifu iliyopishana, haitelezi mkononi inapolowa kidogo, hupokea msuguo wa mwisho ikang'aa bila kupakwa chochote, na inaweza kutobolewa bila kupasuka. Fundi aliipasua pembe kwa urefu, akapata vipande vya mraba, akavitoboa ili mkia wa bapa uingie. Katika kazi za kawaida mkia huo uligandishwa kwa gundi ya utomvu. Katika kazi bora ulipita hadi mwisho wa mpini na kufungwa kwa kifuniko cha fedha. Udhaifu wa njia ya kwanza ulijulikana kwa kila mtumishi wa jikoni: maji ya moto yaliyeyusha gundi na kuipasua pembe, na ndiyo maana visu vilisimamishwa ndani ya jagi, mabapa yakiwa majini na mipini ikiwa juu. Visu vingi vya makumbusho vina ufa unaotokana na mtu aliyesahau kanuni hiyo. Pembe haikutupwa hata punje. Vumbi lake lilichemshwa likawa jeli ya wagonjwa, na mabaki yaliyochomwa yalitoa rangi nyeusi ya wachoraji.

Kampuni iliyojitambulisha zaidi na pembe ilikuwa Joseph Rodgers & Sons ya mtaa wa Norfolk, ambayo alama yake ilikuwa nyota na msalaba wa Malta. Ilipata kibali cha kuhudumia ufalme mwaka 1822, na katika mwaka huo huo ikaunda kisu cha maonesho chenye mabapa 1822, kilichokusudiwa kuongezewa mabapa kadiri miaka ilivyopita. Kwa Maonesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ilitoa kisu cha mabapa 75 chenye kuta za gamba la chaza lililochongwa. Vitu hivi havikuwa vya kukatia mkate. Vilikuwa matangazo ya biashara, na wageni waliopita katika ghala la kampuni walioneshwa pia pembe zilizorundikwa, kwa sababu rundo la pembe lilikuwa ushahidi wa utajiri. Jambo hili linapaswa kukumbukwa: Sheffield haikuficha kwamba pembe ilitoka Afrika. Ilijivunia. Kilichokosekana ni jina la mahali na la mtu.

4.0 Kutoka bara hadi mnadani

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar, alikuta biashara ya pembe ikiwa tayari inaendeshwa na mikono mingi: wawindaji wa bara, misafara ya Wanyamwezi na Wakamba, wafanyabiashara wa pwani, na wakopeshaji kutoka Kachi. Mkataba wa mwaka 1833 kati yake na Marekani uliwapa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nafasi ya kununua moja kwa moja; ubalozi mdogo wa Marekani ulifunguliwa Zanzibar mwaka 1837, na wa Uingereza ukafuata mwaka 1841. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya mabadilishano hayo. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts kiliitwa merikani, na kwa majora ya merikani, ushanga na nyaya za shaba pembe ilinunuliwa katika bara. Kitambaa hicho kilipoadimika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi yake, lakini jina likabaki.

Pembe ilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Wafanyabiashara waliigawa kwa daraja kulingana na ukubwa na soko: pembe kubwa laini zilizokwenda Ulaya ziliitwa bab ulaya, na zile za wastani zilizofaa bangili za wanawake wa Kihindi ziliitwa bab kachi. Majina hayo yanafaa kuzingatiwa, maana yanaonesha kwamba katika soko la Zanzibar pembe ilitambulishwa kwa mahali inapokwenda. Mahali ilikotoka palianza kufutika humo humo forodhani, kabla ya msumeno wa Sheffield.

Ufutaji huo uliendelea baharini. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya pembe za Zanzibar ilipitia Bombay, ikachaguliwa huko, na iliyobaki ikapelekwa London. Katika minada ya Mincing Lane pembe iliuzwa kwa majina ya bandari, hivyo jino la ndovu wa Ugogo lingeweza kufika mezani kwa dalali likiwa na jina la India. Mtafiti anayetumia takwimu za Uingereza pasipo kulijua hili huhesabu pembe za Afrika Mashariki pungufu kuliko zilivyokuwa.

Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe, ameonesha jambo la kiuchumi lililosukuma mfumo mzima: bei ya pembe ilipanda karibu karne nzima, ilhali bei ya vitambaa vya viwandani ilishuka au ilisimama. Pengo hilo lilimlipa mfanyabiashara wa pwani kuipeleka misafara mbali zaidi kila ndovu walipopungua karibu. Ndiyo sababu katika muda wa kizazi kimoja mpaka wa pembe ulihama kutoka nyuma ya mwambao hadi Tabora, Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Umanyema. Wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliousimulia mwenyewe kwa Kiswahili na uliochapishwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, unausoma mpaka huo kutoka ndani. Ni maandishi ya mfanyabiashara. Anahesabu frasila, anataja madeni, anamtaja Taria Topan aliyemkopesha, na anasimulia vita vyake na Nsama wa Itabwa kwa sauti ile ile anayotumia kuhesabu mizigo. Msomaji wa leo hushtuka, na ana haki ya kushtuka; lakini kwa mwanahistoria sauti hiyo kavu ni chanzo bora kuliko majonzi ya wageni, kwa sababu inaonesha jinsi unyang'anyi na biashara halali vilivyoandikwa katika daftari moja.

4.1 Nani alibeba?

Ernst D. Moore, aliyekuwa mnunuzi wa pembe Zanzibar kwa kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha mwaka 1931 kitabu alichokiita kwa Kiingereza Ivory: Scourge of Africa. Kitabu hicho kilisaidia kueneza picha ya kwamba pembe na mtumwa vilikuwa mzigo mmoja: mtu alitekwa, akabebeshwa jino, wote wawili wakauzwa pwani. Picha hii ilikuwa imeshajengwa na vitabu vya wapinga utumwa wa karne iliyotangulia, nayo ingali katika maandishi mengi ya makumbusho.

Stephen J. Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anaipinga kwa ushahidi mzito. Anaeleza kwamba katika njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kwingineko, wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, hasa Wanyamwezi. Walikuwa na desturi zao za kambi, walijadiliana kuhusu uzito wa mizigo na posho, na waligoma walipodhulumiwa. Kwa kijana wa Kinyamwezi, safari ya pwani ilikuwa sehemu ya kumfanya ahesabiwe mtu mzima. Mbeba pembe alikuwa na heshima msafarani, na pembe kubwa ilikabidhiwa mwenye nguvu na uzoefu. Kumwita mtu huyu mtumwa, kwa nia njema ya kumhurumia, ni kumnyang'anya kazi aliyoijua na kujivunia.

Hata hivyo hoja ya Rockel haimalizi suala. Maelfu ya wanaume walipokuwa njiani, nani alilima Unyamwezi? Jan-Georg Deutsch, katika kitabu cha mwaka huo huo wa 2006 kuhusu ukombozi wa watumwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, anaonesha kwamba utumwa ulikua bara sambamba na biashara ya misafara, na Unyamwezi ni mmoja wa mifano yake. Mapato ya pembe yalinunua watu, wengi wao wanawake, na watu hao walilima mashamba yaliyowalisha wapagazi na misafara. Kwa maoni ya makala hii, vitabu hivi viwili vinasomeka vema vikiwa pamoja. Utumwa ulikuwapo ndani ya biashara ya pembe, lakini mara nyingi haukuwa pale ambapo wachoraji wa Ulaya waliuona. Magharibi ya Ziwa Tanganyika hali ilikuwa mbaya zaidi: huko pembe ilipatikana pia kwa kuvamia vijiji, kuteka watu na kuwakomboa kwa pembe. Kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873 hakukuisimamisha njia hiyo, kwa kuwa mateka wa Umanyema hawakuhitajika kufika Zanzibar ili wawe na faida.

5.0 Upande wa pili: wanoaji wa uma

Itakuwa upungufu kuishia Afrika. Chombo kilichokamilika kilikuwa na mpini na uma, na uma wa Sheffield una historia yake ya vifo.

Visu vingi vilinolewa kwa jiwe lililolowa maji. Uma ulinolewa kwa jiwe kavu, na vumbi la mawe na chuma liliingia mapafuni mwa mnoaji kila alipovuta pumzi. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, anamnukuu daktari wa Sheffield, na anaeleza kwamba wastani wa umri wa wanoaji wa jiwe kavu ulifika miaka 35 kwa shida, na ule wa wanoaji wa jiwe la maji ulivuka 45 kwa nadra. Vilevile anaeleza kwamba vifaa vya kufyonza vumbi vilikuwapo, lakini baadhi ya wanoaji wenyewe walivikataa, wakihofia kwamba kazi isiyoua mapema ingevuta watu wengi na kushusha ujira. Maelezo haya ni ya kutisha kwa sababu hesabu yenyewe ni sahihi. Mtu alilipwa zaidi kwa kuwa maisha yake yalikuwa mafupi.

Si nia yetu kulinganisha mnoaji wa Sheffield na mateka wa Umanyema, kwa kuwa mmoja alikuwa huru kuondoka na mwingine hakuwa. Tunataja habari hii kwa sababu inahusu swali la muhuri. Herufi zilizopigwa kwenye fedha zilikuwa za mwenye karakana aliyesajiliwa. Sheria ilitaka kumjua mtu wa kushtakiwa endapo fedha ingekuwa na shaba nyingi mno. Mihuri ilimlinda mnunuzi dhidi ya udanganyifu wa madini. Mnoaji hakuwa na jina juu ya uma wake, kama mpagazi asivyokuwa na jina juu ya mpini. Pembe haikuwa na muhuri kwa kuwa hakuna aliyeweza kuichanganya na shaba. Ilipoanza kuigwa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa seluloidi iliyochorwa mistari kama ya pembe halisi, bei ilikuwa imepanda kiasi kwamba nyumba nyingi za kawaida zilifurahia mwigo, na sheria haikuona haja ya kuingilia.

6.0 Sheria ya leo na ushahidi uliomo ndani ya pembe

Ulimwengu ulipopiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe kwa uamuzi wa Oktoba 1989, miezi michache baada ya Kenya kuteketeza tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, vitu vya kale viliachwa pembeni. Uingereza ilivifikia baadaye. Sheria yake ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuuza kitu chenye pembe isipokuwa kwa misamaha michache. Msamaha mmojawapo unahusu vitu vya kabla ya Machi 1947 ambavyo pembe yake ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wa kitu chote. Birika la chai la fedha lenye vipande viwili vyembamba vya pembe kwenye mkono wake, vilivyowekwa ili mkono usiunguze, linapita kwa urahisi. Kisu cha mezani hakipiti, kwa maana mpini peke yake ni karibu nusu ya chombo.

Matokeo yake kwa mtafiti hayakutarajiwa. Seti isiyouzika haina thamani kwa mrithi asiyeipenda, na mpini unaweza kung'olewa na kutupwa ili fedha iyeyushwe. Hatubishi lengo la sheria. Ndovu aliye hai ana haki kubwa kuliko seti ya visu. Lakini inafaa makumbusho, yakiwamo ya Afrika Mashariki, yaombe vyombo hivyo kabla havijaharibiwa, kwa sababu pembe sasa inasomeka kwa njia ambayo wafua visu hawakuiwaza. Mwaka 2016 Ashley Coutu na wenzake walichapisha utafiti uliotumia aina mbalimbali za atomi za kaboni, naitrojeni, oksijeni na strontiamu zilizomo katika mabaki ya ndovu waliohifadhiwa makumbushoni ili kuchora ramani ya walikoishi ndovu wa biashara ya karne ya 19. Chakula na maji aliyotumia ndovu huacha alama katika jino lake: nyasi hutofautiana na majani ya msituni, na miamba ya Bonde la Ufa hutofautiana na ile ya pwani. Vikipatikana vipimo vya kutosha vya kulinganisha, mpini wa Sheffield unaweza kuulizwa ulikotoka, na ukajibu walau kwa jina la ukanda. Mkusanyo wa Hawley wa zana na visu, uliopo katika makumbusho ya Kelham Island mjini Sheffield, ni mahali pa kuanzia, na kazi hiyo ingefaa ifanywe kwa pamoja na wataalamu wa Tanzania, Kenya na Kongo badala ya kuwasubiri wasome matokeo.

Ipo pembe moja iliyopita mikononi mwa Rodgers ambayo haihitaji kipimo. Mwaka 1898 ndovu dume aliuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na meno yake mawili, kila moja likikaribia kilo 100 na lenye urefu wa zaidi ya mita 3, yaliuzwa Zanzibar. Ndiyo makubwa kupita yote yanayojulikana. Jino moja lilinunuliwa na Makumbusho ya Uingereza mwaka 1901. La pili lilinunuliwa na Joseph Rodgers & Sons, nao hawakulikata. Waliliweka kama kitu cha kutazamwa, hadi katika miaka ya 1930 lilipoungana tena na mwenzake katika Makumbusho ya Historia Asilia, London. Kwa jino hilo tunajua mlima, mwaka na bandari. Linajulikana kwa sababu msumeno haukuligusa.